Ngoma ya Mashine Nayo Yahitaji Kuota Moto

Mpiga ngoma wa zamani hakuanza kupiga kabla ya kuwasha moto. Aliokota nyasi kavu na vijiti, akaiinamisha ngoma yake karibu na ndimi za moto, akangoja ngozi ikazike. Kisha akaigonga kwa ncha za vidole na kutega sikio. Ikiwa sauti bado imelala, aliirudisha motoni. Hakuna aliyemharakisha, kwa sababu kila mtu alijua kwamba ngoma isiyoota moto haimwinui mtu kitini.

Mpiga ngoma wa leo hawashi moto. Huketi mbele ya kompyuta, akabonyeza kitufe, na papo hapo akapata ngoma kubwa, ngoma ndogo, matuazi na kayamba. Vyote safi, vyote vimepimwa, vyote viko tayari. Lakini ngoma hiyo, pamoja na usafi wake wote, mara nyingi husikika imepoa. Masikio huisikia, miguu haiitiki. Je, kasoro iko wapi? Na nini kifanyike ili ngoma ya mashine nayo ipate joto na mkwaruzo wa ngoma iliyopigwa na mtu?

Ndugu msomaji, swali hili si la wanamuziki wa mijini peke yao. Makambini na vituoni wamo vijana wengi ambao, baada ya zamu, hutunga nyimbo kwa kompyuta na hata kwa simu. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazee ambao mikono yao bado inaikumbuka ngoma.

SAA YA UKUTANI

Jambo hili lilimfikia mwandishi wa makala haya alipokuwa likizoni huko Ajia, katika wilaya ya Arua, West Nile. Familia moja ilikuwa ikijitayarisha kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kufariki kwa kijana wao, askari aliyefia kazini. Baba yake, ambaye naye kabla ya kustaafu alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya kijeshi, alitaka uwepo wimbo wa kumkumbuka mwanawe, uchezwe siku ile mbele ya ukoo mzima. Kijana mmoja wa jirani, mwenye studio ndogo katika chumba cha bati kinachotumia umeme wa jua, alipewa kazi hiyo, na malipo yakapatanwa.

Wimbo ulipokamilika, mzee aliitwa kuusikiliza. Aliusikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Maneno aliyapenda, na waimbaji aliwapenda. Kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, umefanya kazi. Lakini hii si ngoma, hii ni saa ya ukutani. Mimi sitamlilia mtoto wangu kwa saa ya ukutani."

Kijana yule hakuwa mvivu. Alikuwa amechagua sauti bora kuliko zote alizokuwa nazo, akazipanga bila kosa hata moja. Zilikuwa zimesalia siku nane, na mzee alikwisha kutamka kwamba, wimbo usipotengenezeka, siku ile na ipite kimya. Kijana akanigeukia, akasema: "Afande, nimefanya kila kitu sawasawa. Mzee anataka nini?"

MLIO WA RASHASHA

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza tujue mashine ya ngoma ya kidijitali ni kitu gani. Mashine hiyo ni ghala la sauti. Pigo moja la ngoma hunaswa, hupimwa mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Katika santuri za CD vipimo hivyo ni 44,100 kwa kila sekunde, na kila kimoja huwekwa katika mojawapo ya ngazi 65,536. Ndiyo maana sauti hutoka safi.

Lakini aghalabu pigo lililowekwa ghalani ni moja tu. Ukilitoa mara 100, utasikia pigo lile lile mara 100, bila tofauti hata ya unywele. Mafundi wa sauti wanalo jina la kasoro hiyo, na msomaji wetu atalielewa bila kufafanuliwa: huuita mlio wa rashasha.

Mtu halisi hapigi hivyo. Fimbo yake haitui mahali pale pale pa ngozi mara mbili. Mkono mmoja una nguvu kuliko wa pili. Ngozi yenyewe bado inatetemeka kwa pigo lililotangulia wakati pigo jipya linapotua juu yake. Sikio la binadamu, hata lisipoweza kuzitaja tofauti hizo, huzisikia zote, na kwa hizo hutambua kwamba nyuma ya ngoma yupo mtu.

Huenda askari akauliza: je, si usawa huo ndio tunaofundishwa gwarideni? Naam. Katika mwendo wa haraka wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua ina nusu sekunde yake, na mpiga ngoma akiiharibu, kikosi kizima huvurugika. Lakini hatua ni jambo moja, na uzito wa pigo ni jambo jingine. Mpiga ngoma hodari huilinda hatua, na ndani ya hatua hiyo hiyo akatia mapigo mazito na mepesi, moja likisukuma na jingine likivuta.

Tena mpiga ngoma huyo yuko mahali fulani. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo askari aliye mita 100 nyuma ya bendi hulisikia pigo likiwa limechelewa karibu theluthi ya sekunde. Kila aliyewahi kupangwa katika safu ya nyuma anaijua taabu hiyo. Sikio letu limezoea kusikia umbali, kuta, miti na umati wa watu ndani ya kila sauti. Sauti ya mashine, isipotengenezwa, haina umbali wala mahali. Imezaliwa ndani ya waya na ndani ya waya imebaki.

MKWARUZO HUTIWA MAKUSUDI

Tuitazame ngoma ndogo ya bendi ya kijeshi. Chini yake, juu ya ngozi ya pili, hukazwa nyuzi za waya au za utumbo. Nyuzi hizo hazina kazi nyingine ila kuikwaruza sauti. Pasipo nyuzi, ngoma hiyo hutoa mlio mzito wa mviringo. Zikikazwa, hutoa mlio mkali unaopenya katikati ya vishindo vya mabuti. Na katika maziko ya kijeshi, kwa desturi ya majeshi mengi, nyuzi hulegezwa na ngoma ikafunikwa kitambaa cheusi. Mkwaruzo ukiondoka, kila aliyepo anajua kwamba tumefiwa. Mzee wa Ajia alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Haishangazi kwamba sikio lake lilikataa kudanganywa.

Watu wa nchi yetu walilijua jambo hili kabla ya kuwapo bendi. Huko Buganda, chombo cha nyuzi kiitwacho endongo huwambwa ngozi ya kenge, na nyuzi zake hupitishwa karibu sana na ngozi hiyo, hata zinapotetemeka huigusa na kutoa mvumo wa kukwaruza. Likembe, ambayo Waacholi huiita lukeme, huvikwa vipete vidogo vya chuma kwenye vijiti vyake ili kila noti itoke na mlio wa nyuki. Katika ngoma ya larakaraka ya Waacholi hao hao, vibuyu vilivyokatwa nusu hugongwa kwa spoki za baiskeli. Hakuna fundi aliyesahau kusafisha chombo chake. Mkwaruzo huo ulitiwa kwa makusudi, kama vile mpishi atiavyo chumvi.

Na hazina hiyo inapungua. Hapa hapa West Nile, muziki na ngoma ya o'di ya Wamadi, unaopigwa kwa kinubi chenye bakuli la mbao, uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

MASHINE ZILIZOPATA MOTO

Watengenezaji wa mashine za ngoma nao walihangaika na tatizo hili tangu mwanzo. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iitwayo LM-1, ya kwanza kutumia sauti za ngoma halisi zilizonaswa kwa tarakimu. Vipimo vyake vilikuwa vya biti 8, yaani ngazi 256 tu, na kwa hiyo sauti yake ilikuwa na ukali fulani wa asili. Hata hivyo, mwanamuziki Prince wa Minneapolis hakuridhika nayo jinsi ilivyotoka dukani. Aliipitisha katika vikanyagio vya gitaa la umeme, vile vinavyokoroga na kupindisha sauti, hata ngoma zake zikawa hazifanani na za mtu mwingine. Linn mwenyewe alikuwa amekwisha kuona hatari ya usawa uliopita kiasi, akaiwekea mashine yake uwezo wa kuchelewesha kidogo kila pigo la pili, ili mdundo uyumbe kama mwendo wa mtu.

Mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya TR-808, ambayo haikutumia sauti zilizonaswa bali umeme mtupu. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Ikutaro Kakehashi, alieleza baadaye kwamba baadhi ya transista zake zilikuwa zenye kasoro, na zilinunuliwa kwa ajili ya kasoro hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyotoa mchakariko uliotakiwa.

Mwaka 1987 ikaja SP-1200 ya kampuni ya E-mu, yenye biti 12 na vipimo 26,040 kwa sekunde, na nafasi ya kuhifadhi sauti isiyozidi sekunde 10 hivi. Vijana wa New York waliokuwa na santuri za kale waliona nafasi hiyo haitoshi. Wakaicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, wakainasa ikiwa inakimbia, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Walitafuta kuokoa nafasi; wakapata pia vumbi na ukwaruzo ambao leo mafundi hulipa fedha nyingi kuuiga.

Karibu na kwetu, huko Kinshasa, kundi la Konono Nambari 1 la Mzee Mingiedi lilihitaji likembe zisikike katikati ya kelele za mji. Lilitengeneza vipaza sauti vyake kwa sumaku zilizotolewa katika vyuma chakavu vya magari. Vipaza sauti hivyo vilikoroma, na kundi likaukubali mkoromo huo kuwa sehemu ya muziki. Sahani yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya walidhani wamekutana na jambo jipya, kumbe ni vile vipete vya chuma vya likembe vilivyokuzwa kwa umeme.

Na huko Gulu, Otim Alpha na fundi Leo Palayeng waliuhamishia muziki wa larakaraka kwenye kompyuta, wakati familia nyingi zilikuwa haziwezi kugharimia kundi zima la wapigaji kwa arusi zao. Baadhi ya nyimbo hizo zilikusanywa katika Gulu City Anthems mwaka 2017. Ngoma ni ya mashine na mwendo ni wa kasi mno, lakini sauti za waimbaji na mpangilio wa mapigo ni wa uwanja wa arusi wa Kiacholi.

KAZI YA USIKU

Turudi Ajia. Kijana na mzee walikaa pamoja usiku wa tatu mfululizo, na mwandishi wa makala haya akiwa shahidi na mshika taa. Kazi yao yaweza kugawanywa katika hatua tano, ambazo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzifuata.

Hatua ya kwanza ilikuwa uzito. Kijana aliacha kulitumia pigo moja. Alichukua sauti tatu au nne za ngoma ile ile, zilizopigwa kwa nguvu mbalimbali, akazifanya zipokezane. Kisha akapunguza nguvu ya kila pigo ambalo halikustahili kusimama mbele.

Hatua ya pili ilikuwa wakati. Ngoma kubwa aliiacha pale pale penye hatua. Ngoma ndogo aliichelewesha kwa sehemu kama 15 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, na kayamba akaitanguliza kidogo. Hapo mzee, bila ya kuambiwa lolote, alianza kutikisa goti.

Hatua ya tatu ilikuwa moto wenyewe. Zamani sauti ilinaswa katika utepe wa sumaku, na utepe ukipewa sauti kubwa kuliko uwezo wake haukatai ghafla; huvilaza vilele vya mawimbi polepole, na kwa kufanya hivyo huzaa sauti tanzu ambazo hazikuwapo. Sikio huzisikia sauti tanzu hizo kama unene na joto. Siku hizi zipo programu zinazoiga kazi hiyo ya utepe, na redio ya kaseti iliyo nzima bado huifanya vizuri. Jambo la kuangalia ni kwamba usikoroge ngoma yote. Kijana alifanya nakala ya pili, akaikoroga nakala hiyo sana, akaiondolea sauti nzito za chini na makali ya juu, kisha akaichanganya na ile safi: safi sehemu mbili, iliyokorogwa sehemu moja. Hivyo pigo lilibaki na ncha yake, na mwili wake ukapata nyama.

Hatua ya nne ilikuwa mahali. Waliilaza spika ndogo juu ya ngoma halisi ya mzee, wakaicheza ngoma ya mashine kupitia hiyo, na simu ya mkononi ikawekwa pembeni kunasa sauti. Ngozi ya ngoma ilitetemeka kwa kufuata mashine, bati la paa likaitika, na sauti yote ikarudi ikiwa na chumba ndani yake. Walijaribu pia kuiweka spika ndani ya chungu. Mvumo wake ulikuwa mzito mno kwa ngoma, ila kwa kayamba ulifaa. Mbinu hii haihitaji fedha. Studio kubwa za ng'ambo nazo huitumia, kwa kuielekeza spika kwenye ngoma ndogo ili nyuzi zake zichakarike.

Hatua ya tano hakuna aliyeipanga. Mzee aliomba fimbo. Alisema anataka kumwonyesha kijana jinsi ngoma ndogo inavyopigwa nyuzi zikiwa zimelegezwa. Mkono wake wa kulia hutetemeka siku hizi, na mapigo aliyoyapiga hayakuwa sawa. Kijana aliyanasa kwa dakika nne, jogoo wa jirani akiwika katikati. Kesho yake aliyapanga chini ya ngoma ya mashine, kwa sauti ndogo kiasi kwamba asiyeambiwa hawezi kuyatambua. Lakini ukiyaondoa, wimbo hupoa mara moja.

KIASI

Hapana budi kutoa onyo. Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Kijana aonjapo utamu wa mkwaruzo hutaka kuutia kila mahali, na mwisho wake ni kelele zinazochosha sikio kabla ya ubeti wa pili. Vilevile, kama kila pigo linayumba, hakuna hatua iliyobaki ya kuyumbia. Fundi atie kidogo, azime, awashe, alinganishe. Na aipime kazi yake katika spika mbovu ya simu na katika spika kubwa ya uwanjani, kwa maana watu watausikia wimbo huko wala si studio.

Wala tusiidharau mashine. Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2000 iliwapa haki ya heshima za maziko wakongwe wote wa jeshi wanaostahili, na wapiga baragumu wakawa hawatoshi. Mwaka 2003 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliidhinisha baragumu lenye kifaa cha kidijitali ndani ya mdomo wake. Askari hulishika kama anapuliza, na kifaa ndicho kinacholia. Wapo waliolalamika, lakini ni afadhali hiyo kuliko kaburi lisilopigiwa kitu. Hata hapo, sauti inayolia ni ya mtu aliyepuliza siku moja mbele ya kinasa sauti. Mashine haikumwondoa mtu huyo. Ilimchukua tu na kumpeleka mbali.

SIKU YENYEWE

Siku ya kumbukumbu ilifika. Wimbo ulichezwa baada ya sala na chakula, jua likiwa limeanza kushuka. Sitasema kwamba watu wote waliangua kilio, kwa sababu haikuwa hivyo. Wengine waliendelea kuzungumza, na watoto walikimbizana. Lakini akina mama wawili wazee waliokuwa wameketi mkekani waliinuka, wakaanza kwenda hatua fupi fupi kuelekea kaburini, na baada yao wakafuata wengine. Mzee alibaki kitini. Ubeti wa mwisho ulipoingia, vidole vyake vilikuwa vikipiga juu ya kofia aliyoipakata.

Jioni kijana alipomfuata kwa ajili ya malipo yaliyosalia, mzee alimhesabia fedha zote, kisha akamwuliza: "Ile ya mkono wangu, umeiweka mahali salama?" Kijana akajibu kwamba ameiweka katika kompyuta. Mzee akasema: "Weka na mahali pengine. Kompyuta huharibika."

Ndugu askari na polisi, katika kila kambi na kila kijiji wapo wastaafu wa bendi, wapiga baragumu na wapiga ngoma, ambao hakuna aliyepata kuinasa mikono yao. Vijana wetu wananunua sauti za ngoma kutoka ng'ambo, na hali hazina iko ng'ambo ya pili ya ua. Mwenye simu na aichukue Jumapili hii, amwendee mzee wake, amwombe apige kwa dakika nne. Na akisha kunasa, aweke nakala mahali pawili.